Hasira ya Watazamaji na Kashfa ya Posta ya Uingereza: Tamthilia Ilifanya Nini Ambacho Habari Hazikufanya?

1. Utangulizi



Kuanzia tarehe 1 hadi 4 Januari 2024, kituo cha ITV cha Uingereza kilirusha tamthilia ya sehemu nne iitwayo Mr Bates vs The Post Office, iliyoandikwa na Gwyneth Hughes. Zaidi ya watu milioni 9 waliitazama sehemu ya kwanza. Tarehe 10 Januari, Waziri Mkuu Rishi Sunak alitangaza bungeni kwamba serikali italeta sheria ya kufuta hukumu za mamia ya watu walioonewa.

Wengi hulitaja tukio hili kama mfano wa tamthilia iliyofichua uovu. Mimi naliona vingine. Mambo makubwa yaliyoonyeshwa yalikuwa yanajulikana kwa miaka. Tamthilia ilimsogeza mtazamaji hadi nyuma ya kaunta, akaona mwenyewe. Hasira yake nayo ilizaa matunda kwa sababu iliwakuta waathirika wameshajipanga.

2. Usuli wa kashfa

Mwaka 1999, Posta ya Uingereza, inayomilikiwa na serikali, ilianza kuwafungia mawakala wake mfumo wa kompyuta wa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mawakala hawa huendesha posta ndogo vijijini na mitaani, mara nyingi ndani ya duka la bidhaa za kawaida. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na Posta ikawataka wafidie kwa kutegemea mkataba. Anayemjua wakala wa fedha za simu wa kwetu anaielewa hofu ya jioni ambayo hesabu inakataa kufunga.

Posta ilikuwa na uwezo wa kufungua mashitaka yenyewe, bila kupitia polisi. Sheria nayo ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu aonyeshe vinginevyo. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au kughushi hesabu. Wapo waliofungwa, waliofilisika, na waliojiua. Wengi waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo kama lao.

Jarida la Computer Weekly liliandika habari hizi mwaka 2009, na BBC ikazifuatilia katika kipindi cha Panorama mwaka 2015. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu 39 kwa mpigo, na tume ya uchunguzi ilikuwa tayari kazini. Hata hivyo, Januari 2024 ilipofika, hukumu zilizofutwa zilikuwa hazijafika 100.

3. Mtazamaji kama shahidi

Kati ya matukio yaliyowagusa sana watazamaji, mojawapo halina kelele wala machozi mengi. Jo Hamilton, wakala wa kijiji cha South Warnborough, anapiga simu ya msaada kwa sababu hesabu ina upungufu. Anafuata maelekezo, anabonyeza anachoambiwa, na upungufu unaongezeka maradufu mbele ya macho yake. Tukio hilo lilimpata kweli.

Gazeti lilipoandika habari kama hiyo, msomaji alipata pande mbili: wakala anasema hivi, Posta inasema vile. Hapo mwenye mfumo na mawakili alikuwa na nafasi ya kuaminiwa zaidi. Tamthilia ilimwonyesha mtazamaji skrini na vidole vya Jo, hivyo mahakamani Jo alipokiri kughushi hesabu ili kuepuka jela, mtazamaji alikuwa anajua kilichotokea. Hasira iliyofuata ilikuwa ya shahidi ambaye hakuitwa kutoa ushahidi.

4. Mapokeo yalivyojitokeza

(a) Hasira kwa mtu. Ombi la kutaka mkuu wa zamani wa Posta, Paula Vennells, avuliwe nishani ya CBE lilivuka saini milioni 1 katika siku chache. Tarehe 9 Januari alitangaza kuirudisha.

(b) Waathirika wapya. Watu waliokaa na aibu yao kwa miaka waliwatafuta mawakili baada ya kuiona simulizi yao kwenye skrini.

(c) Hesabu za kisiasa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Ed Davey, kiongozi wa Liberal Democrats aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya posta kati ya 2010 na 2012, aliulizwa upya kwa nini mwanzoni alikataa kukutana na Bates, wakala wa zamani aliyewaongoza waathirika na ambaye tamthilia imepewa jina lake.

(d) Sheria. Ilipitishwa Mei 2024. Ni jambo la nadra bunge kufuta hukumu za mahakama, na wapo wanasheria waliohofia mfano huo.

5. Mipaka ya hasira

Hasira hufuata sura. Vennells alikuwa na sura inayoigizika, lakini kanuni ya ushahidi wa kompyuta haina mwigizaji, na haikupata ombi la saini milioni. Sheria ya Mei 2024 nayo iliwaacha nje wale ambao rufani zao zilikuwa zimeshaamuliwa na Mahakama ya Rufani, pamoja na waliotiwa hatiani kutokana na mfumo wa awali wa Capture. Malipo ya fidia yaliendelea kusuasua hata baada ya kelele kupungua.

Tusisahau pia maandalizi. Bates aliwakusanya mawakala katika kijiji cha Fenny Compton mwaka 2009, miaka 14 kabla ya tamthilia, na baadaye waathirika 555 walifungua kesi ya pamoja. Wanasiasa walipotafuta la kufanya, madai yalikuwa yameshaandikwa.

6. Mapendekezo

Kwa sisi tunaoandika tamthilia kuhusu kashfa za kweli, napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuonyeshe jinsi dhuluma inavyotendeka hatua kwa hatua, kabla ya kumtafuta mhalifu wa kuchukiwa. Pili, tushirikiane mapema na waathirika waliojipanga, ili mtazamaji aliyekasirika ajue pa kupeleka hasira yake. Tatu, vituo vipange vipindi vya ufuatiliaji miezi sita na mwaka mmoja baadaye, vikiuliza nani amelipwa na nani ameachwa. Katika mjadala naomba tuanze na pendekezo hili la tatu, kwa kuwa ndilo gumu zaidi kupata bajeti.