Siku Nne Katika Milima ya Nyandarua

Jioni hii twapenda kuwachukua kwa maneno mpaka mahali ambapo baadhi yenu mwapaona kwa mbali kila kukicha, lakini ni wachache waliopata kupakanyaga. Mtu akisimama mjini Nyeri, akaupa mgongo Mlima Kenya na kuelekeza uso magharibi, ataona ukuta mrefu wa rangi ya buluu, mara nyingi umejifunika mawingu. Hiyo ndiyo milima iliyopewa jina la Aberdare na msafiri Joseph Thomson mwaka 1884, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa wa Uingereza ambaye hakuiona kamwe. Wenyeji walikuwa na jina lao tangu zamani, nalo ni Nyandarua, maana mgongo wa milima hiyo wafanana na ngozi iliyowambwa ili ikauke. Sisi twalipenda jina hili zaidi, kwa sababu aliyelitoa alikuwa ameitazama milima yenyewe.

Tulikuwa watu watano, walimu sote. Watatu ni wenyeji wa Nyeri, mmoja ametoka Kisumu, na wa tano ni mzaliwa wa Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini. Huyu wa Kipini alikuwa mvuvi tangu utoto wake, akatucheka njia nzima kwamba twakwenda kuvua samaki milimani, kama watu wanaopanda mnazi kutafuta kamba. Hata sokoni Nyeri, mama mmoja aliyetuuzia viazi, alipoona fito zetu za kuvulia, alituuliza kama wanetu wamekosa maharagwe. Yafaa mjue kwamba zamani Wakikuyu hawakula samaki, na wazee wengine mpaka leo wamwona kuwa ni namna ya nyoka.

Mizigo yetu ilikuwa hema mbili, mifuko ya kulalia, sufuria, unga, viazi, chai, sukari, kiberiti kilichofungwa ndani ya mkebe, na makoti ya mvua. Twasema makoti, lakini yalikuwa manne tu. Mwenzetu wa Kipini alisema koti zito lamchosha mtu bure, na sisi hatukumkatalia. Likumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Tuliingia kwa lango la Kiandongoro, tukalipa ada, tukapewa vyeti vya kuvulia, na askari mmoja wa mbuga mwenye bunduki akafuatana nasi. Hakuna aruhusiwaye kutembea kwa miguu huko juu bila askari, nayo ni sheria ya haki, maana nyati na ndovu ndio wenye njia. Mbuga hii ya taifa iliwekwa mwaka 1950, na leo msitu wake umezungushiwa ua wa nyaya za umeme, urefu wake yapata kilomita 400, uliomalizika mwaka 2009. Ua huo wawazuia ndovu wasile mahindi ya watu, na wawazuia watu wasiile miti ya ndovu.

Njia yapanda kwanza katika msitu wa miti mikubwa, kisha katika mianzi. Mianzi imesongamana hata mchana huwa kama magharibi, na upepo ukipita hugongana ikalia kama watu wanaotwanga. Halafu kwa ghafula mianzi yaisha, na mtu ajikuta nje, penye uwanda wa nyasi ngumu zilizoota kwa vishungi, na lobelia zimesimama moja moja kama nguzo za nyumba iliyoungua. Hapo ni kimo cha futi 10,000 hivi. Kilele cha juu kabisa cha milima hii, Satima, chapita futi 13,000.

Tulipiga hema karibu na mto Chania. Jua lilipokuwa juu tulivua mashati, lakini mara lilipozama, baridi ilitoka ardhini kama maji yapandavyo katika nguo. Usiku hatukulala sana. Alfajiri tuliona nyasi zote zimekuwa nyeupe kwa sakitu, na maji ya sufuria yameganda juu. Mwenzetu wa Kipini aliivunja barafu ile kwa kidole, akaitia mdomoni, akanyamaza. Askari wetu alituambia kwamba babu yake aliishi katika msitu huu wakati wa vita vya Mau Mau, bila hema wala kiberiti cha kuwasha ovyo, maana moshi ulionekana na ndege za Serikali. Dedan Kimathi mwenyewe alidumu humu mpaka alipokamatwa ukingoni mwa msitu mwaka 1956. Baada ya usiku ule mmoja, habari hizo tulizosoma vitabuni tulizisikia kwa namna nyingine.

Sasa tuwaeleze habari za samaki, maana ndiye aliyetuleta. Jina lake ni trauti. Si mwenyeji wa nchi hii. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyesifika kwa kutembea Afrika kutoka kusini mpaka kaskazini, aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, ziwa la Uskochi. Mayai hayo yalisafiri kwa meli, kisha kwa gari la moshi, kisha kwa miguu ya watu, yakatiwa katika mto Gura wa milima hii hii. Wapagazi waliobeba mzigo ule hawakuandikwa majina, ingawa kwa fikira zetu kazi kubwa ilikuwa yao. Yai la trauti likipata joto hufa, na kutoka relini mpaka mtoni hapakuwa na barabara. Miaka michache baadaye akaletwa trauti wa namna ya pili, ambaye asili yake ni Marekani ya magharibi. Huyu ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni, ndiyo sababu huitwa trauti wa upinde wa mvua. Yule wa kwanza ni wa kahawia, ana madoa meusi na mekundu.

Wengine huuliza kwa nini samaki huyu akae huku juu tu, asishuke mpaka mito mikubwa ya chini. Jibu ni hewa. Samaki huvuta hewa iliyomo ndani ya maji kwa matamvua yake, na maji ya baridi huchukua hewa nyingi kuliko maji ya moto. Trauti ni mlafi wa hewa. Maji yakipita nyuzi 20 za joto kwa kipimo cha sentigredi, huanza kutaabika, na yakizidi sana hufa. Tena jike hutaga mayai katika changarawe. Huichimba kwa kupiga mkia, huyafukia mayai, na maji safi hupita katikati ya mawe kuyapa hewa. Basi msitu ukikatwa, jua hulipiga maji na mvua huleta udongo, na udongo hujaza nafasi za mawe, mayai yakakosa pumzi. Mkulima wa bondeni anayeona mto wake umekuwa mwekundu anaona jambo lile lile, ila yeye hana matamvua.

Kuvua kwake ni kazi ya subira. Hatukutumia nyungunyungu. Ndoana ni ndogo kuliko ukucha, imefungwa manyoya na uzi hata ikafanana na nzi au kidudu cha maji. Mvuvi husimama chini ya mkondo, nyuma ya samaki, maana trauti huelekeza kichwa mahali maji yatokako akingoja chakula kiletwe. Kivuli cha mtu kikimpitia, amekwenda. Mshipi hutupwa kwa mkono mwepesi ili nzi aanguke majini kama aliyechoka kuruka. Mwenzetu wa Kipini alitupa mara ya kwanza, akanasa kofia ya mwalimu wa Kisumu. Mara ya pili alinasa kichaka. Huko kwao, alisema, samaki hawana kiburi hiki.

Siku ya pili, saa nane mchana, tulikuwa tumeufuata mto mpaka mbali na kambi, na kila mmoja amepata samaki isipokuwa yeye. Akaona samaki ameruka ng'ambo, akavuka juu ya mawe, na jiwe la tatu likamtupa. Maji yalikuwa ya kiunoni tu, lakini alizama kichwa na yote. Alitoka akicheka, nasi tukacheka naye. Hakutaka kurudi kambini, alisema jua litamkausha. Haukupita muda, ukungu ukashuka. Ukungu wa huko hautangulizi habari: uliiona ng'ambo ya mto, ukageuka, huioni tena. Upepo ukaanza, na mvua nyembamba juu yake. Yeye alikuwa na shati la pamba lililolowa na suruali iliyolowa, na koti lake lilikuwa Nyeri.

Tulianza kurudi. Kwanza alitetemeka sana, hata meno yakagongana, nasi tukamhimiza atembee upesi apate joto. Baadaye tukaona ameacha kutetemeka, tukafurahi, tukidhani amepata nafuu. Hapo ndipo askari aliposimama. Alimtazama usoni, akamwambia kwa upole, "Mwalimu, hebu tuhesabie kutoka kumi kurudi nyuma." Mwenzetu akasema kumi, tisa, nane, kwa ulimi mzito kama wa mlevi. Akanyamaza. Halafu akasema kwamba angependa kukaa kidogo juu ya jani pale, alale.

Askari akatuambia maneno ambayo twayasema hapa kama alivyoyasema, maana hatukuyajua, nasi ni watu tuliosoma. Mtu wa baridi akiendelea kutetemeka, mwili wake ungali wapigana. Akiacha kutetemeka naye angali baridi, umeshindwa. Hatukusubiri kufika kambini. Tulimvua nguo zote zilizolowa nyuma ya jiwe lililokinga upepo. Mwalimu wa Kisumu alikuwa amebeba mfuko mmoja wa kulalia mgongoni, kwa uzito ambao asubuhi tulimcheka kwao. Tukamtia ndani yake, na kijana mmoja wetu mwenye mwili wa joto akavua shati akaingia pamoja naye, wakafunikwa makoti yote, na nyasi kavu tulizozipata chini ya mwamba zikatandikwa chini yao. Tulitaka kumsugua mikono na miguu, askari akakataza, kwani damu ya baridi ya miguuni yaweza kuurudia moyo ghafula na kuudhuru. Mmoja akauliza habari ya pombe. Akakataza vile vile, maana pombe hufungua mishipa ya ngozi, na joto lililobaki hutoka. Alipoweza kumeza vizuri, na si kabla, tukampa chai ya sukari kutoka katika chupa ya moto, funda kwa funda.

Tulikaa pale muda ambao hatukuupima. Hakuna aliyezungumza. Kila mmoja wetu alikuwa akilikumbuka lile koti, na jinsi tulivyokuwa wanne wenye akili, tukamwachia mgeni wa pwani aamue juu ya baridi asiyoijua. Mwisho alianza kutetemeka tena, na askari akasema, "Alhamdulillahi," ingawa yeye ni Mkristo. Nafikiri alilisema kwa ajili ya mgonjwa. Usiku ulipoingia tulikuwa kambini, tukiongozwa na askari aliyekuwa akipapasa njia kwa miguu.

Siku ya tatu hatukuvua. Mgonjwa alikuwa mzima lakini amechoka, na sote tulikuwa wapole kupita kiasi. Jua lilitoka, tukaenda polepole kutazama maporomoko ya Karuru. Maji huanguka kwa ngazi tatu, jumla yake karibu futi 900, na ng'ambo ya bonde hilo hilo huonekana maporomoko ya mto Gura, yakitoka msituni kama kitambaa kilichoninginizwa. Mwalimu mmoja wa Nyeri alimweleza mwenzetu kwamba maji yale huingia Sagana, na Sagana ndiyo Tana, na Tana huenda mpaka Kipini. Alitazama kwa muda mrefu. Akasema kwamba mama yake huchota maji hayo, nayo huko ni mazito na ya rangi ya udongo, hungojewa yatulie mtungini kabla ya kunywewa. Akauliza yanachukua siku ngapi kufika. Hakuna aliyejua.

Asubuhi ya nne, kabla ya kung'oa hema, tulimwona amekwenda mtoni na askari, amevaa makoti mawili. Hakukanyaga maji. Alipiga magoti nyuma ya kichaka, akatupa mshipi kwa mkono mwepesi, na nzi akaanguka penye kivuli cha jiwe. Ufito ukapinda. Samaki alikuwa wa kahawia, madoa yake mekundu yakang'aa kama shanga, lakini askari alipomlaza juu ya kipimo alikuwa mfupi kuliko sheria inavyotaka. Mwenzetu hakusema neno. Alilowesha mikono kwanza, kama alivyofundishwa, akamshika samaki chini ya maji kichwa kikiuelekea mkondo, mpaka mkia ulipopiga mara moja akaponyoka.

Tukafunga hema zikiwa bado zimelowa, tukashika njia ya lango la Mutubio, kuteremka Naivasha.