Lugha ya Ofisi za Umma na Ulinzi wa Mwananchi



1. Utangulizi

Idara ya serikali humfikia mwananchi kwa lugha kabla ya kumfikia kwa njia nyingine yoyote. Dawa hutanguliwa na maelezo ya namna ya kuitumia. Kesi hutanguliwa na hati ya wito. Nyumba iliyo katika hifadhi ya barabara hutanguliwa na ilani kabla haijabomolewa. Msimu wa mvua hutanguliwa na utabiri. Iwapo maneno hayo hayaeleweki, huduma yenyewe huwa haijafika, hata kama fedha zake zimetumika zote na taarifa yake imeandikwa vizuri. Kwa sababu hiyo, suala la kuboresha huduma za umma, ambalo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa utawala na wachumi, ni suala la isimu pia.

Mhadhara huu unalichunguza suala hilo kwa kuangalia hasa hali ya Tanzania. Hoja yake kuu ni kwamba kukichagua Kiswahili kuwa lugha ya ofisi ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili, ambayo ni ngumu zaidi na haijapewa uzito unaostahili, ni kukifanya Kiswahili hicho kimfae yule anayekisoma au kukisikia akiwa na haki ya kudai au hatari ya kukwepa.

2. Mtumishi na mteja

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno "serikali" limetoka katika Kiajemi na maana yake ya asili ni msimamizi au mkuu wa kazi. "Idara" na "huduma" yamepitia Kiarabu, na "afisa" ni la Kiingereza. Katika kundi hili, "mtumishi" ni la Kibantu kabisa. Limetokana na kitenzi "tumika" kwa kanuni ileile ya kifonolojia inayotupatia "mpishi" kutoka "pika" na "mwandishi" kutoka "andika": sauti k hugeuka sh mbele ya kiambishi -i cha unominishaji. Mtumishi wa umma, kwa hiyo, ni yule anayetumika kwa ajili ya umma. Sarufi imeshaamua nani yuko kwa ajili ya nani.

Programu ya Kuboresha Utumishi wa Umma iliyoanza mwaka 2000 ilileta istilahi nyingine, nayo ni "mteja". Wizara, idara na wakala mbalimbali zilianza kuandaa Mkataba wa Huduma kwa Mteja, yaani waraka unaoeleza huduma zinazotolewa, muda wa kuzitoa na mahali pa kupeleka malalamiko. Nia ilikuwa njema, na kwa mara ya kwanza ofisi nyingi zilijifunga kwa maandishi. Hata hivyo, neno lenyewe lina historia yake. Katika Kiswahili cha pwani, mteja hakuwa mnunuzi tu. Alikuwa pia mtu aliye chini ya tiba ya mganga, anayefuata masharti asiyoyahoji. Mnunuzi naye anaweza kwenda duka la pili. Anayehitaji cheti cha kuzaliwa hana duka la pili. Neno "mwananchi" linambebea haki ambazo neno "mteja" haliwezi kuzibeba.

3. Kutoka agizo la 1967 hadi sheria ya 2021

Mwezi Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge. Barua za ofisi, mikutano ya hadhara na mijadala ya Bunge viliitikia mwelekeo huo. Eneo moja kubwa lilibaki nyuma, nalo ni sheria. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, ikajadiliwa bungeni kwa Kiswahili, kisha ikawa sheria kwa Kiingereza. Mwananchi alisikia mjadala lakini hakuweza kusoma matokeo yake.

Mgawanyo huo ulionekana wazi zaidi mahakamani. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliagiza Mahakama za Mwanzo zitumie Kiswahili. Katika ngazi zilizofuata, shahidi aliweza kusema kwa Kiswahili, lakini mara nyingi hakimu aliandika kwa Kiingereza, akifasiri papo hapo kila alichokisikia. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ushahidi rasmi. Mwanaisimu hana budi kulitazama jambo hili kwa makini. Shahidi aliyesema "alinisukuma" na hakimu aliyelazimika kuchagua haraka neno moja la Kiingereza kati ya mengi hawakuwa wakisema kitu kimoja, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kulinganisha kauli hizo mbili.

Chukua mfano wa mjane aliyefungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Pale alilisikiliza na kulielewa shauri lake lote. Ndugu wa marehemu wakakata rufaa Mahakama ya Wilaya na kushinda. Hukumu akakabidhiwa kwa Kiingereza. Ili aende Mahakama Kuu alikuwa na siku 30. Siku hizo zilianza kuhesabika siku uamuzi ulipotolewa. Hazikumsubiri apate mtu wa kumfasiria. Kwa mwanamke asiye na wakili, sehemu ya muda wa kutetea nyumba yake ilitumika kutafuta maana ya karatasi aliyoishika. Hapo lugha haikuwa chombo tu cha kutolea uamuzi. Iliathiri moja kwa moja uwezo wake wa kuupinga.

Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mwezi Februari 2021 yalibadili msingi huo. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, ambayo awali iliruhusu sheria za nchi ziwe kwa Kiingereza au Kiswahili au kwa lugha zote mbili, sasa inasema kwamba lugha ya sheria ni Kiswahili, na kwamba Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya kutoa haki. Mlango umeachwa wazi kwa Kiingereza pale maslahi ya haki yanapodai hivyo.

Waliokuwa na shaka walitoa hoja zinazostahili kujibiwa. Walisema istilahi hazitoshi, kwamba wanasheria wamesomeshwa kwa Kiingereza, na kwamba maamuzi ya nchi nyingine za Jumuiya ya Madola yanayotumika kama rejea yameandikwa kwa lugha hiyo. Hoja ya istilahi ndiyo dhaifu kuliko zote. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi ya Sheria mwaka 1999, na Mahakama za Mwanzo zimeamua mashauri kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Hoja ya mafunzo ni nzito. Mwanafunzi anayefundishwa sheria kwa Kiingereza kwa miaka minne hawezi kutarajiwa kuandika hukumu nzuri ya Kiswahili mwezi wa kwanza wa kazi. Mabadiliko ya sheria yasiyofuatwa na mabadiliko katika vitivo vya sheria yataacha kazi yote mikononi mwa wafasiri.

Ikumbukwe pia kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila Mtanzania, katika nchi yenye lugha zaidi ya 100, na kwamba viziwi wanahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatoa mfano mzuri. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Kipimo hapo ni kuelewa kwa mhusika, si jina la lugha.

4. Sentensi isiyo na mtenda

Kiswahili chenyewe kinaweza kufunga mlango kama kilivyofunga Kiingereza. Tazama sentensi ya kawaida ya barua za ofisi: "Ombi lako limekataliwa." Sarufi yake haina dosari. Kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda kutajwa kwa "na" au kuachwa. Katika mazungumzo ya kila siku mtenda huachwa kwa sababu anajulikana au hana umuhimu. Katika barua ya ofisi huachwa ilhali yeye ndiye jambo muhimu kuliko yote, kwa kuwa asiyejua nani amekataa hajui amwendee nani. Linganisha na sentensi hii: "Afisa Ardhi wa Wilaya amelikataa ombi lako kwa sababu ramani haikuambatishwa, unaweza kuileta au kukata rufaa ndani ya siku 30." Sentensi ya pili ni ndefu zaidi, lakini inampa msomaji mtu, sababu, njia na muda.

Jambo la pili ni vitenzi vya kuomba. Fomu nyingi humwelekeza mwananchi "kuomba" kitu ambacho sheria imeshampa. Itasemwa kwamba "naomba" ni adabu tu, na ni kweli kwamba Mtanzania huomba hata maji anayoyalipia. Lakini adabu ya msemaji haipasi kuwa msamiati wa sheria. Pale ambapo kitu ni haki, waraka wa idara useme "una haki ya kupata", kisha mwananchi aseme "naomba" kwa hiari yake.

Jambo la tatu ni majina ya watu walio mikononi mwa vyombo vya dola. "Mtuhumiwa" ni anayeshukiwa. "Mshtakiwa" amefikishwa mahakamani. "Mhalifu" ni yule aliyethibitika kutenda kosa. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla ya kuthibitika. Taarifa inayosema "majambazi watatu wamekamatwa" inaivunja ibara hiyo kwa nomino moja.

5. Lugha ya tahadhari

Ulinzi wa maisha unategemea lugha waziwazi zaidi katika utabiri wa hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hatari kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwa mtaalamu mpangilio huo ni dhahiri. Kwa msikilizaji wa redio hauko wazi hivyo. Neno "angalizo" amelizoea vitabuni, ambako hutangulia maelezo madogo ya pembeni. "Tahadhari", kwa upande mwingine, ni neno zito hata bila kivumishi. Maneno hayo matatu hayapandi ngazi masikioni kama yanavyopanda katika jedwali.

Utabiri wa msimu una tatizo la aina nyingine. Masika au vuli hutabiriwa kuwa "ya wastani hadi juu ya wastani". Wastani huo ni wa kitakwimu, uliokokotolewa kwa kumbukumbu za miaka mingi ya eneo husika. Mkulima huulinganisha na mwaka jana. Ikiwa mwaka jana ulikuwa wa mafuriko, "juu ya wastani" atausikia kama mafuriko makubwa zaidi. Ikiwa ulikuwa wa ukame, atausikia kama ahueni. Kauli moja inazaa maamuzi mawili yanayopingana kuhusu mbegu na shamba la bondeni. Mvuvi naye husikia habari za upepo wa kilomita kadhaa kwa saa, wakati maarifa yake yamepangwa kwa majina ya kusi, kaskazi na matlai. Kuyaunganisha maarifa hayo mawili katika sentensi moja ni kazi ya mwanaisimu akishirikiana na mtaalamu wa hali ya hewa.

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilifika katika kisiwa cha Mafia. Jina lake, kutoka katika orodha ya kikanda, lilikuwa Hidaya, ambalo kwa Kiswahili ni zawadi ya thamani. Jina halizuii watu kukimbia, lakini laonesha jinsi utaratibu wa kiofisi unavyoweza kupita bila kuuliza neno litasikikaje kwa wale wanaolindwa.

6. Maneno yaliyofanikiwa, na moja lililokataliwa

Ipo mifano ya mafanikio. Miaka ya 1980, ugonjwa mpya ulipoanza kuua watu Kagera, wengine waliuita Juliana, jina la nguo ya biashara. Jina hilo lilieleza tetesi, si ugonjwa. "UKIMWI" lilieleza kinachotokea mwilini, na likaweza kufundishwa. Mwaka 2020 "barakoa", vazi la uso la wanawake wa pwani, lilipewa kazi mpya ya kuzuia virusi, likakubalika haraka kwa kuwa lilikuwa na umbo na maana inayofahamika.

Kinyume chake ni "takrima". Neno hili zuri la ukarimu liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ili kuruhusu ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilikiuka Katiba. Wapiga kura walikuwa wameshaona kwamba mpaka kati ya takrima na hongo haukuwa na mtu wa kuuonesha.

7. Hitimisho

Mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, kila barua ya uamuzi imtaje aliyeamua, sababu, njia ya kupinga na muda wake. Pili, fomu na matangazo yasomwe na watumiaji wa kawaida kabla ya kuchapishwa, nao waulizwe wameelewa nini, badala ya kuulizwa kama wameelewa. Tatu, vitivo vya sheria vifundishe uandishi wa hukumu na hati kwa Kiswahili. Nne, idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziwapeleke wanafunzi wao kufanya utafiti katika masjala, vituo vya afya na mabaraza ya ardhi, ambako data ni nyingi na haijaguswa.

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji mtu mmoja katika kila idara mwenye mamlaka ya kuirudisha rasimu mezani na kuuliza: anayeipokea karatasi hii atafanya nini kesho asubuhi?