Riwaya za 1929 na kitabu cha Udoe



Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakifukua riwaya za miaka ya 1920 zilizosahaulika, wanazipiga chapa upya na kuzisoma kana kwamba zimeandikwa jana. Nasi tukishika jembe tufukue zetu, tutakuta nini?

Riwaya iliyotungwa na mwenyeji kwa Kiswahili miaka hiyo ni ya kutafuta kwa tochi. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilikuja baadaye, mwaka 1934. Kulikuwa na gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu Dar es Salaam mwaka 1923, ambalo ndani yake mlikuwa na hadithi na mashairi ya wasomaji. Halafu mwaka 1929 zikatoka Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, zote zimefasiriwa na Frederick Johnson, Mwingereza aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa kamati ya kusanifisha Kiswahili.

Vitabu hivyo sivibezi. Kisiwa chenye Hazina ni bahari, ramani na maharamia. Mtu wa Saadani atakielewa bila mwalimu. Mashimo ndiyo yananitia shaka. Wazungu watatu, wakiongozwa na Quatermain, wanavuka jangwa, na Mwafrika Umbopa anafuatana nao kama mtumishi mpaka inapobainika kwamba ndiye mfalme halali wa nchi wanayoiendea. Mtunzi wake, Rider Haggard, alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1885, mwaka uleule mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika ulipofungwa. Kikafika madarasani kwetu kama kitabu cha Kiswahili safi! Nadhani watoto wengi walimshangilia Umbopa, wala hawakumjali Quatermain.

Lakini mimi, nikipewa nafasi ya kufufua kitabu kimoja tu, nitawaacha hao wote. Nitakwenda kwa mtu wa Dunda, hapahapa wilayani Bagamoyo: Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten akachapisha Safari za Wasuaheli, na humo Mtoro anasimulia safari yake ya Udoe mpaka Uzigua, pamoja na habari za Wadoe. Mnasikia, wasikilizaji wa Miono? Nchi yenu imo kitabuni, kwa Kiswahili cha mtu wa pwani, miaka 28 kabla ya Mashimo. Mwaka 1903 kikafuata Desturi za Wasuaheli, ambacho Mtoro ndiye mwandishi wake mkuu. Jina la Velten ndilo lililokaa juu ya jalada.

Maisha yake nayo yangetosha riwaya. Alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka 1905 walipofika Dar es Salaam, wakuu wa koloni walimkatalia kushuka nchini kwake akiwa na mke Mzungu. Akarudi Ujerumani, akafundisha Hamburg, akafa Berlin mwaka 1927. Miaka miwili baadaye watoto wa Tanganyika wakaletewa Quatermain.

Riwaya hakuandika, najua. Aliandika safari na desturi. Lakini anayetafuta nathari yetu ya kale kwa kuangalia riwaya peke yake atarudi na tafsiri za Johnson na kudhani tulianzia hapo.

Wala Mtoro si malaika. Ni mtu wa mjini anayewatazama watu wa bara, na watu wa mjini, ninyi mnawajua. Wadoe walikuwa wameshachafuliwa jina hata kabla yake: Richard Burton, Mwingereza aliyepita pwani hii mwaka 1857, aliandika kwamba wanakula watu. Neno la namna hiyo likishachapwa, linanakiliwa kitabu hadi kitabu, na mhusika haulizwi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa vipindi vya redio yetu ni hili. Baada ya taarifa ya habari ya usiku tupewe robo saa, simulizi ya Mtoro isomwe hewani kipande kwa kipande, kama zinavyosomwa riwaya redioni. Msomaji akimaliza, kipaza sauti wapewe wazee wa Kidoe na wa Kizigua, watuambie pa kweli ni wapi na pa chuku ni wapi. Na wakibishana wao kwa wao, fundi mitambo asiwakatize.