Mwanasheria wa Chama Kikuu na Wajibu wa Katibu

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu wa vyama vya msingi, Moshi)



Nimeombwa nizungumze juu ya kitengo cha sheria katika Chama Kikuu. Wengi wetu humtafuta mwanasheria siku hati ya mahakama inapofika. Hapo huwa kama mganga aliyeitwa matangani.

Ushirika wetu ulizaliwa pamoja na sheria. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilitungwa mwaka 1932, na KNCU ikaandikishwa mwaka 1933. Chama kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria: humiliki mali, hufunga mikataba, hushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na KNCU ikarejea mwaka 1984 baada ya Sheria ya mwaka 1982. Katika kipindi hicho mali ilihama mikono. Aidha, mashamba makubwa ya kahawa yaliyotaifishwa mwaka 1973 yaliwekwa chini ya vijiji na ushirika. Ndiyo maana hata leo, mtu anapokuja kukodi shamba, mwanasheria haanzi na kodi. Huuliza kwanza: hati ina jina la nani, kijiji au chama?

Yafaa tutofautishe. Wakili wa nje huja na kesi na huondoka nayo. Mwanasheria wa ndani hubaki na chama. Kazi yake kubwa ni kuzuia kesi isizaliwe. Husoma mkataba kabla haujatiwa sahihi, hutazama kama mkopo umo ndani ya ukomo wa madeni uliokubaliwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, na huieleza Bodi mipaka ya madaraka yake. Kesi ikihitaji wakili wa nje, yeye humwandalia nyaraka, huangalia gharama na hutoa taarifa.

Hapa pana jambo zito. Mwanasheria huyu anamtumikia nani? Anakitumikia chama; hamtumikii Mwenyekiti wala Meneja. Mshahara wake unatokana na kahawa ya mwanachama. Kwa hiyo awe na njia ya kufika mbele ya Bodi yenyewe, na ushauri wake uandikwe hata kama haupendezi. Bodi yaweza kuukataa, lakini iukatae kwa muhtasari, ili wanachama wajue nani aliamua nini.

Kitengo chenyewe hakihitaji fahari. Kinahitaji rejesta tatu: ya mikataba na tarehe za kwisha kwake, ya hati za ardhi na mali, na ya kesi na tarehe za kutajwa kwake. Sheria ina saa yake. Dai la mkataba hufa baada ya miaka 6, na dai la kurudisha ardhi baada ya miaka 12. Katika shauri la kawaida la madai, anayeshitakiwa ana siku 21 tangu kupokea wito kuwasilisha utetezi wake wa maandishi.

Katika chama kimoja nilichokikagua, wito ulikaa ndani ya kitabu cha stoo msimu mzima wa mavuno. Chama kilikuwa na stakabadhi zote za kujitetea, lakini hukumu ilikwisha kutolewa upande mmoja. Fedha zilizolipwa zilikuwa malipo ya pili ya wakulima. Wala hapakuwa na mwizi. Palikuwa na karatasi isiyopelekwa.

Basi, Ndugu Makatibu, nawaomba mambo manne. Kila barua ya wakili au mahakama igongwe muhuri wa tarehe na ipelekwe Chama Kikuu siku hiyo hiyo. Mkataba usitiwe sahihi kabla ya kusomwa. Nakala za hati na mihtasari zihifadhiwe mahali pawili. Na ugomvi wa wanachama utafutiwe mapatano kwanza, kisha ufikishwe kwa Mrajis, kabla ya kukimbilia mabishano ya gharama.

Nanyi Wanachama, katika Mkutano Mkuu msiulize bei ya kahawa tu. Ulizeni pia: tuna kesi ngapi, na mikataba ipi inakwisha mwaka huu?