Dawa za Homoni kwa Vinyama Vidogo vya Kizazi: Tunatibu Damu au Tunatibu Kinyama?



Mwanamke ambaye hedhi yake haikatiki, akaambiwa baada ya ultrasaundi kwamba ana kinyama cha milimita 7 ndani ya kizazi, huuliza kwanza kama kuna dawa au ni lazima apasuliwe. Dawa ipo, ila kazi yake ni ndogo kuliko anavyotumaini.

Kinyama hiki ni sehemu ya utando wa ndani wa kizazi iliyoota kupita kiasi, ikiwa na tezi na mishipa yake ya damu. Estrojeni hukichochea; ndiyo maana huwapata zaidi wenye unene uliopitiliza na wanaotumia tamoksifeni kwa saratani ya matiti. Projesteroni huutuliza utando, na hapo ndipo tunapopata hoja ya kuandika norethisteroni au medroksiprojesteroni. Kwa damu, hoja hiyo inasimama. Kinyama chenyewe mara nyingi hakiitikii homoni hiyo kama utando unaokizunguka: utando unapukutika, chenyewe kinabaki, na vidonge vikikoma damu hurudi.

Sindano za kuzima ovari, kama goserelini, zinaweza kukisinyaza kwa muda. Lakini huleta joto la ghafla na kudhoofisha mifupa; kwa milimita 7, mimi siziandiki. Kitanzi chenye levonorgestreli kimeonekana kupunguza uotaji wa vinyama kwa wanaotumia tamoksifeni. Hiyo ni kinga, tena kwa mwenye saratani ya matiti hakiwekwi kabla ya kushauriana na daktari wake wa saratani.

Sasa jambo linalotupotosha zaidi. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta takriban robo ya vinyama visivyo na dalili vimetoweka ndani ya mwaka 1 bila dawa, hasa vile vidogo. Mgonjwa aliyemeza vidonge akirudi na picha safi, tunavisifu vidonge. Na pengine hapakuwa na kinyama: picha ikipigwa siku chache kabla ya hedhi, utando mnene huonekana kama uvimbe. Ipigwe mara hedhi inapokwisha, kabla ya siku ya 10 hivi.

Aliyekwisha kukoma hedhi kisha akatokwa damu asipewe vidonge akasubiri. Kinyama kitolewe kwa kamera na kipelekwe maabara, kwa kuwa kwake hatari ya saratani ni kubwa zaidi. Kusafisha kizazi kwa kukwangua bila kuona hukiacha mara nyingi, japo mgonjwa huenda nyumbani akiamini kimetoka.

Kwa kijana mwenye dalili nyepesi, pimeni mimba na wingi wa damu kwanza. Mkiamua kumpa homoni, andikeni kwenye faili kwamba ni ya kupunguza damu, pamoja na tarehe ya kurudia picha.