Moyo na Mapafu: Kupima Kwatangulia Kisu



Leo twasema na ninyi mlioko Ntalikwa, na watu wote wa nchi ya Tabora, na maneno yetu ni juu ya maradhi ya kifua. Wazee wa nchi hiyo waliijua vema thamani ya pumzi. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na mpagazi wa Kinyamwezi alichukua begani mzigo wa ratili 60 na kuzidi. Lakini mpagazi alipofika kambini aliutua mzigo wake. Moyo hautui. Hupiga mara 100,000 hivi kila siku, tukiwa macho na tukiwa usingizini.

Moyo na mapafu ni majirani wa ukuta mmoja. Damu itokayo mapafuni huingia upande wa kushoto wa moyo, ikapita katika kilango ambacho matabibu hukiita vali. Kilango kikiwa kizima, hufunguka na kufungika bila taabu. Kikikakamaa na kuwa chembamba, damu hurudi nyuma ikajaa mapafuni. Ndipo mtu huhema kwa mwendo mdogo, hushindwa kulala chali, hukohoa, na pengine hutema damu.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu akitema damu, majirani husema mara moja kwamba ana kifua kikuu. Mara nyingi husema kweli, kwani maradhi hayo yangali mengi katika Tanzania, nayo hupona kwa dawa zinywewazo, kwa desturi, miezi 6 bila kukatiza. Lakini mwenye kilango chembamba aweza kupewa dawa hizo asipate nafuu, na huku moyo wake wazidi kuchoka. Dawa ni njema, ila si ya maradhi yake.

Basi matabibu hupambanuaje? Kwanza hupima makohozi, wakitafuta kijidudu alichokigundua Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882. Pili hupiga picha ya kifua kwa miali aliyoivumbua Röntgen mwaka 1895. Tatu husikiliza kifua kwa chombo ambacho asili yake ni bomba la tabibu Laennec wa Ufaransa, la mwaka 1816; kilango kibovu kina mvumo wake, na sikio lililofundishwa hulitambua. Mwisho ni picha ya moyo ipigwayo kwa mawimbi ya sauti. Picha hii haina kisu wala maumivu, nayo humwonyesha tabibu kilango kikifunguka na kufungika.

Ubovu huo mara nyingi huanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hata 15 huumwa koo. Baada ya wiki mbili au tatu hushikwa na homa, na viungo vyake huvimba, leo goti, kesho kiwiko. Viungo hupona, lakini vilango vya moyo hubaki na makovu. Koo likitibiwa mapema kwa penisilini, kama tabibu aonavyo, moyo huokoka. Na mtoto aliyekwisha kushikwa na homa hiyo hupigwa sindano ya dawa hiyo kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili isimrudie.

Kovu likiisha kukaza kilango, dawa hupunguza taabu tu. Kukifungua kwahitaji mkono wa mpasuaji. Mwaka 1925, mjini London, tabibu Souttar alitia kidole ndani ya moyo wa msichana akakipanua kilango, na msichana akapona. Hata hivyo matabibu wengine hawakumletea mgonjwa wa pili, na kazi hiyo ililala hata mwaka 1948. Siku hizi pengine kilango hupanuliwa kwa puto dogo lipitishwalo katika mshipa wa paja, na kilichoharibika kabisa hubadilishwa. Zamani wagonjwa wa Tanzania walipelekwa India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikasimama mjini Dar es Salaam.

Lakini mpasuaji hawezi kumsaidia mgonjwa asiyeletwa kwake. Kwa hiyo yatupasa mambo matatu. Akohoaye wiki mbili na apimwe makohozi. Aliyeambiwa hana kifua kikuu, au anywaye dawa zake sawasawa asipone, asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, bali arudi kwa tabibu aulize habari ya moyo. Na mwanamke ahemaye akiwa na mimba asiambiwe kwamba ndiyo desturi ya mimba. Mzigo wa moyo huzidi wakati huo, na kilango chembamba chaweza kumwua. Na aende Kitete mjini Tabora akachunguzwe, kabla siku za kujifungua hazijamfikia.