Kila Kompyuta na Zamu Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dandora)



Sisi wakaaji wa Dandora twaijua zamu ya maji. Kila mtaa una siku zake, maana bomba ni lilelile na watu ni wengi. Mifereji yote ikifunguliwa pamoja, wa mwisho hupata hewa tu. Mtandao wa ofisi nao ni bomba.

Katika ofisi moja nisiyoitaja, kompyuta 30 ziliagizwa kutuma nakala za akiba nje ya ofisi, zote mara moja, saa nane mchana. Karani hakuweza kufungua hesabu ya mtu hata mmoja. Foleni ikafika mlangoni, na lawama zote zikamwangukia yeye. Je, kosa ni lake, au la aliyepanga saa?

Tupige hesabu. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde haipitishi zaidi ya gigabaiti 4.5 kwa saa. Kila kompyuta ikiwa na gigabaiti 20, jumla ni 600. Mzigo huo wataka saa 133, yaani siku tano na nusu bila kupumzika! Basi yafaa tufanye hivi:

Kwanza, nakala kamili iwekwe kwenye diski iliyo ndani ya ofisi. Waya wa ndani wa megabiti 100 hupitisha gigabaiti 45 kwa saa. Kompyuta 15 usiku wa Jumamosi, 15 usiku wa Jumapili: kila kundi kama saa saba.

Pili, kila usiku yapelekwe nje yale tu yaliyobadilika. Kila kompyuta ikiwa na nusu gigabaiti, zote ni 15, kazi ya saa tatu na dakika 20. Zianze saa nne usiku, tatu tatu. Kundi likimaliza, lingine lifuate.

Tatu, kila kompyuta iwekewe kikomo cha mwendo, ili itakayochelewa mpaka asubuhi isiwanyang'anye makarani laini.

Msitegemee mahali pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Kenya ikazorota. Siku kama hiyo diski ya ofisini ndiyo mwokozi. Lakini ofisi ikiungua, ile nakala ya nje ndiyo itakayobaki.

Mashine hufuata ratiba yenyewe. Asikeshwe mfanyakazi bila malipo. Bali asubuhi lazima mtu atazame kama kazi ilikwisha, maana umeme hupotea, kama ulivyopotea nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023. Na kila mwezi ajaribu kurudisha faili moja. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Kazi hiyo ihesabiwe ndani ya saa za kazi.

Ndugu zangu, michango yetu ya miaka mingi imo ndani ya mashine hizo. Ulizeni ofisini kwenu: zamu imepangwa na nani, na saa ngapi?